Dafu likiachiwa juu ya mnazi, una sekunde ngapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nipo Sahare hapa Tanga, kaka yangu ni mkwezi, yeye anaangua mimi naokota chini. Tunabishana kila siku, yeye anasema dafu linawahi kufika chini kuliko nazi kavu kwa sababu ni zito, afu eti mnazi ukiwa mrefu mara mbili na mimi napata muda mara mbili wa kukimbia. Ukweli ni upi?

JIBU: Ndugu yangu, nimefurahi umeuliza maana hapa tunaongelea kichwa chako.

Uzito kwanza. Dafu na nazi kavu vikiachiwa pamoja vinafika karibu sawasawa, tofauti yake kwa macho huioni. Ni kweli dunia inalivuta dafu kwa nguvu zaidi, lakini kitu kizito pia kinahitaji nguvu zaidi ili kiongeze spidi, kwahiyo hapo ngoma droo. Kinacholeta tofauti ni hewa, ndo maana kipande cha karatasi kinapeperuka peperuka wakati dafu limeshatua zamani. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja kule mwezini ambako hakuna hewa, vikatua pamoja.

Sasa kwenye muda ndo naomba unisikilize vizuri, na kaka yako umsomee. Kitu kinachoanguka hakiendi spidi moja, kila sekunde kinaongeza, sekunde ya kwanza kinashuka kama mita 5, ya pili mita 15, ya tatu mita 25. Galileo, mwanasayansi wa Italia wa zamani, aliligundua hilo kwa kuviringisha mipira kwenye ubao ulioinama huku akipima muda kwa maji yanayochuruzika, saa za maana zilikuwa hazijapatikana, na akalichapisha 1638. Ukitaka kupiga mwenyewe, chukua urefu kwa mita, gawa kwa 4.9, tafuta kipeuo cha pili, hizo ndo sekunde zako. Mita 10 ni sekunde 1.4, mita 20 ni sekunde 2. Umeona? Mnazi umerefuka mara mbili wewe umeongezewa sekunde 0.6 tu, ili upate muda mara mbili mnazi inabidi uwe mrefu mara nne! Na hilo dafu la mita 20 linafika chini na spidi ya karibu kilomita 70 kwa saa, yaani bodaboda iliyochanganya.

Kelele ya kaka yako ya kukuonya yenyewe haichelewi, sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Unaechelewa ni wewe, mpaka usikie, uinue macho, uamue upande wa kukimbilia, miguu ianze, sekunde nzima inaweza kuwa imeshakwenda. Kwahiyo asiite akishaachia. Aite kabla, wewe usogee mbali na shina umjibu, ndo akate, na kuokota usubiri mpaka amemaliza mnazi mzima. Na ile minazi mifupi mnayoidharau ndo inakupa muda mdogo zaidi, mita 5 ni sekunde moja tu.