Dira 2050: hiyo dola 7,000 itanifikia na mimi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nalima mpunga huku Ifakara, nina watoto wawili. Kila nikiwasha redio ni Dira 2050, uchumi wa dola trilioni moja, kila mtu dola 7,000 kwa mwaka. Naomba unieleweshe, yani 2050 tutakuwa tumeendelea kama Ulaya? Na hiyo hela itanifikiaje wakati bei ya gunia langu anapanga dalali?
Msomaji, Ifakara

JIBU: Marahaba mwanangu, na asante sana kwa swali, wengi wanalo moyoni ila wanaona aibu kuuliza.

Ulaya tuiweke pembeni kwanza. Dira 2050, yani malengo ya maendeleo ya taifa letu hadi mwaka huo, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025, inataka tufike kipato cha kati cha juu, daraja la Benki ya Dunia lililo chini kidogo ya nchi tajiri, kundi walilopo Brazili, Afrika Kusini na Malaysia. Na hao Malaysia mwaka 1991 waziri mkuu wao Mahathir Mohamad aliwaambia ikifika 2020 watakuwa nchi iliyoendelea kabisa, uchumi ukue kama asilimia 7 kila mwaka miaka 30 mfululizo, ukaja msukosuko wa fedha wa Asia 1997 ukawavuruga, 2020 ikafika hawajaingia kundi la matajiri, ila viwanda wamejenga na umaskini wameushusha kwelikweli.

Sasa hiyo 7,000 ni wastani, pato lote la nchi linagawanywa kwa vichwa. Chukua trilioni moja gawa kwa 7,000 unapata watu kama milioni 143, na sensa ya 2022 ilitukuta milioni 61.7 tunaongezeka asilimia 3.2 kwa mwaka, kwahiyo uchumi inabidi ukue haraka kuliko tunavyozaana na hapo ndo pagumu. Benki ya Dunia ilipotuingiza kipato cha kati cha chini Julai 2020 tulikuwa na dola 1,080 kwa kichwa wakati kiwango cha kuingilia kilikuwa 1,036, tulipenya kwa tabu.

Halafu wastani unaficha mengi. Dhahabu ikipanda bei, wastani unapanda na wewe hujaona hata senti. Zaidi ya nusu ya watu wanaofanya kazi nchi hii wapo kwenye kilimo lakini mchango wa kilimo kwenye pato la taifa ni kama robo tu, na mimi namba hiyo inanikosesha usingizi kuliko hiyo trilioni, kwasababu maana yake walio wengi wanagawana kidogo.

Kwahiyo ulivyomtaja dalali umegusa penyewe. Kama unauza mpunga ukiwa bado shambani sababu ada ya mtoto inadaiwa, skimu ya umwagiliaji hamna unategemea mvua ya msimu mmoja, ghala hamna, kukoboa mnakobolewa na mwenye mashine anayejipangia, basi hizo dola zitapita juu kwa juu.

Utekelezaji unaanza Julai 2026 na mpango wa kwanza wa miaka mitano. Mipango ya halmashauri inatakiwa ianzie kijijini, na sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu. Nenda bwana, nenda na wenzio, msimwachie mwenyekiti na mtendaji peke yao, ulizeni skimu yetu ipo kwenye bajeti ya mwaka gani, ghala je, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari maana kisichoandikwa mwakani watakikana.