Farasi si ng'ombe asiye na pembe

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi niko Pongwe, hapa nje kidogo ya Tanga mjini, nina shamba la nyumbani la ekari tatu. Nimefuga ng'ombe wa maziwa miaka kumi na moja, sasa nimebaki na wawili. Familia moja ya Arusha niliyowahi kuifanyia kazi inahama, wananiachia farasi wao jike wa miaka 12, na wamesema watamleta mwezi wa saba. Mwanangu aliyeko Uingereza naye amekazana tuagize alpaka wawili wakae na huyo farasi, ati watoto wa shule na wageni watakuja kuwatazama. Banda la ng'ombe lipo tupu, uzio wa seng'enge upo, mabingobingo ninayo ya kutosha na mstari mzima wa lusina. Niongeze nini? Na je, farasi na alpaka wanaweza kulala banda moja?
Mzee wa Pongwe

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Umeuliza uongeze nini, lakini mimi nitaanza na vya kuondoa, maana karibu kila ulichokitaja ni neema kwa ng'ombe na ni balaa kwa farasi. Jambo hili huwaponza wafugaji wazoefu kuliko wageni. Mgeni haoni haya kuuliza. Mzoefu anamtazama farasi, anaona kwato, mkia na mdomo unaokula majani, anasema hii kazi naijua.

Alpaka niwamalize kwanza, hawana mjadala mrefu. Ni ndugu wa ngamia, lakini undugu huo usikudanganye. Kwao ni milima ya Andes, kule Peru na Bolivia, mita 3,500 kwenda juu kutoka usawa wa bahari, ambako usiku maji huganda. Sufu waliyonayo ni ya kule. Wewe mwenyewe hapo Pongwe mwezi wa pili, kaskazi imelala na unyevu wa bahari umejaa, unalala na pangaboi linazunguka na bado shuka linaloa. Alpaka hupumulia joto lake zaidi tumboni na ndani ya mapaja, kwenye sufu haba; kwingine kote amevaa blanketi asiloweza kulivua. Utamkata sufu kila mwaka, utammwagia maji tumboni (mgongoni usithubutu, sufu ikilowa inazuia joto kutoka), na bado utakuwa unauguza. Ungekuwa Lushoto tungezungumza, na hata huko ningekutaka upate kwanza kibali cha kuingiza wanyama kutoka kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo kabla ya kumtumia mtu senti moja. Banda moja na farasi ndiyo kabisa hapana: farasi ana kilo 400 au 450, alpaka ana 60 au 70. Teke moja linatosha.

Ila kijana amegusa jambo la kweli bila kujua: farasi hawezi kukaa peke yake. Ni mnyama wa kundi, na akiwa mpweke huzunguka uzioni siku nzima, hula mbao, hukonda. Mwenzake anayefaa hapa pwani ni punda. Ukienda Handeni au Kilindi kwa Wamasai utampata, joto analijua na bei yake haiumi. Sharti ni moja. Punda hubeba minyoo ya mapafu miaka na miaka bila hata kukohoa, kisha anamwambukiza farasi, na farasi ndiye anayekohoa. Kwa hiyo punda aje mapema, apewe dawa ya minyoo, akae peke yake mpaka nipime kinyesi chake.

Sasa mabingobingo. Majani haya yana oksaleti nyingi, ambayo huikamata kalsiamu tumboni isiingie mwilini. Ng'ombe ana vijidudu kwenye tumbo lake la kwanza wanaoivunja oksaleti mapema, ndiyo maana miaka kumi na moja hujaona shida. Farasi chakula chake huchachuka mwishoni mwa utumbo, wakati mahali pa kufyonza kalsiamu pameshapitwa. Ukimwongezea na pumba ya mahindi kila siku, yenye fosforasi tele na kalsiamu kiduchu, mwili unaanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa. Miezi michache baadaye anachechemea mguu huu leo na ule kesho, halafu mifupa ya uso inavimba pande mbili juu ya taya. Watu husema farasi amenenepa uso.

Lusina nayo, rafiki wa kila mfugaji wa maziwa Tanga, ina sumu iitwayo mimosini. Farasi akiizoea hunyofoka singa za shingoni na za mkia, akabaki kama ameungua, na kwato zikaota mistari mibovu. Usiing'oe, ng'ombe wako waachie. Ila mstari wake uwe nje ya uzio wa farasi, na mbali kiasi kwamba shingo haifiki. Shingo ya farasi inafika mbali kuliko unavyodhani.

Atakula nini basi? Nyasi za Rhodes zilizokaushwa, kilo 8 hadi 10 kwa siku, mgao mdogo mdogo mara nyingi. Tumbo lake ni dogo na limeumbwa kupokea kidogo saa zote, na akila vibaya hawezi kutapika. Tenga robo ekari uzipande masika hii ili uwe na akiba, na nunua marobota ya miezi mitatu ya mwanzo. Yaweke juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta, maana unyevu wetu huotesha ukungu ndani ya wiki. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe hata punje. Kuku akiyala atadumaa, lakini farasi na punda ukungu ule unaweza kuyeyusha ubongo wao kwa maana halisi ya neno, na hakuna dawa. Mpe na jiwe la chumvi, atoke jasho bila hofu, na maji safi lita 40 au 50 kwa siku, siku za joto zaidi.

Nikuombe jambo kuhusu stoo yako. Niliwahi kuitwa usiku kwa farasi wa hoteli moja ya ufukweni. Nilimkuta amesimama miguu ameitanua, jasho linadondoka kama aliyetoka kukimbia, na nilipoweka sikio ubavuni moyo ulikuwa unapiga ovyo, unaruka, unarudi. Kijana wa zizi alinionyesha kiroba alichokuwa amemlisha baada ya pumba kwisha. Kilikuwa chakula cha kuku wa nyama, amekikunja mdomo vizuri na kukifunga kamba. Vyakula vingi vya kuku vinatiwa dawa iitwayo monensini kuzuia koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuku kuharisha damu. Kuku inamfaa, ila misuli ya moyo wa farasi inaiua kwa kiasi kidogo sana. Alikufa kabla ya adhana ya alfajiri. Kwa hiyo kama una kuku, chakula chao kikae chumba kingine chenye kufuli, na ufunguo usiwe na mtu yule yule anayemlisha farasi.

Kabati la dawa lina mitego ile ile. Dawa ya kuogesha ng'ombe dhidi ya kupe mara nyingi ni amitrazi. Kwa farasi amitrazi husimamisha utumbo, kinyesi kikafunga, akafa kwa tumbo. Kupe wake tutawaua kwa dawa ya jamii ya pareto iliyoandikwa kwamba ni ya farasi, na wengine utawatoa kwa mkono wakati wa kumpiga brashi. Ivamektini ya sindano ya ng'ombe usimchome. Farasi hupewa ya kumeza. Diminazini unayochoma ng'ombe akipata ndorobo, farasi anaihimili vibaya, usimdunge bila mimi kuwepo.

Seng'enge iondoke. Ng'ombe akikwaruzwa anarudi nyuma, farasi akinaswa anavuta, na ngozi inabaki kwenye waya. Kidonda kile ndicho mlango wa pepopunda, na walioupa ugonjwa huo jina hilo walikuwa wameshaona: hakuna mnyama wa kufugwa anayepatwa upesi kama jamii ya farasi. Weka mirunda mitatu ya kulala, wa juu ufike mita 1.4. Kama jirani yako ana mkonge mpakani, kata zile ncha, ziko usawa wa jicho. Mbarika iliyojiotea kando ya choo ing'oe pamoja na mbegu zake.

Banda la ng'ombe linaweza kutumika, lakini si kwa hali ilivyo. Sakafu ya saruji inateleza na inaumiza viungo. Mwaga kifusi cha moramu ushindilie, juu yake maranda ya mbao. Nafasi yake iwe mita 3.6 kwa 3.6 angalau. Kama paa ni bati, pandisha makuti juu yake. Haya ni madogo. Kubwa ni usubi.

Usubi ni wale vidudu wadogo kuliko mbu, wanaokuwasha jioni kwenye vifundo bila kuwaona. Ndio wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, virusi vya aina 9, ambavyo kwa farasi asiye na kinga huweza kuua tisa kati ya kumi. Punda na pundamilia huvibeba na kuendelea kula majani yao. Dalili ninayokutaka uikariri: vile vishimo viwili vilivyo juu ya macho vinajaa, vinavimba. Ukiona povu puani, tumechelewa. Waulize hao wa Arusha leo, si mwezi wa saba, kama farasi ana cheti cha chanjo hii na ilichomwa lini. Kama hakuna, achanjwe huko huko kabla ya safari. Chanjo huchomwa mara mbili kwa kupishana wiki tatu au zaidi, na hutaikuta kwenye duka la pembejeo la kawaida, inaagizwa. Ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa zichomwe nazo.

Halafu mlaze ndani. Usubi hutoka jua likikaribia kuzama mpaka asubuhi, kwa hiyo aingie saa moja kabla ya magharibi, atoke jua likishapanda. Chandarua cha kawaida hakitoshi, usubi wanapita kwenye matundu. Tumia neti ya kivuli iliyofumwa kwa kubana, uinyunyizie dawa ya jamii ya pareto, na kwa kuwa ukifunga pande zote utamchemsha, weka feni mbili kubwa juu, waya zisifikike. Usubi hawajui kupambana na upepo. Hivyo feni inampoza yeye na inawafukuza wao, na kwa maoni yangu ndiyo pesa utakayoitumia vizuri kuliko zote kwenye mradi huu.

Mbung'o, nzi wanaoeneza ndorobo, sina hakika kama unao hapo kwako, na njia ni kutega, si kubahatisha. Tanga tuna bahati: mbung'o madume waliotasishwa kwa mionzi na kumwagwa Unguja kwa ndege kati ya 1994 na 1997, mpaka kisiwa kikasafika, walizalishwa hapa hapa kwetu. Taasisi ya utafiti wa mbung'o ipo, nenda ukaulize juu ya mitego ya kitambaa cha bluu na cheusi. Fyeka kichaka chote kilichogusana na uzio.

Nilikuwa karibu nisahau mchanga. Udongo wako wa Pongwe ukoje? Kama ni tifutifu wa mchanga, farasi akilishwa chini humeza mchanga kidogo kidogo mpaka utumbo unalemewa. Mlishe kwenye hori, chini utandike mkeka wa mpira. Kila mwezi chukua madonge sita ya kinyesi kutoka juu ya rundo, yasiyogusa ardhi, tia kwenye mfuko mwangavu, jaza maji, vuruga, ning'iniza nusu saa. Mchanga utashuka kwenye kona. Ukijaa kijiko cha chai, nipigie.

Mwezi wa saba umechaguliwa vizuri, kusi inavuma na joto limepungua. Lori liondoke Arusha jioni, lipite Same, Korogwe na Segera usiku, lisimame kila baada ya saa nne anyweshwe maji. Dereva awe na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa ofisa mifugo wa huko. Farasi wa nyanda za juu akifika pwani anaweza kuacha kutoka jasho kabisa: ukimkuta mchana wa joto ngozi kavu, anahema, mpeleke kivulini ummwagie maji mwili mzima, huyu si alpaka, kisha unipigie. Nunua kipimajoto na daftari. Joto lake la kawaida ni nyuzi 37.5 hadi 38.5, andika asubuhi na jioni kwa mwezi wa kwanza. Hakuna kumpanda wiki mbili, hata wajukuu wakilia.

Waombe wenye farasi wakupakilie marobota ya nyasi alizozoea, ya siku kumi, umchanganyie na zako pole pole. Mimi nitapita Pongwe masika ikiisha kuzitazama neti kabla hujazipigilia misumari. Punda akishafika, mfunge kivulini siku hiyo, na kinyesi chake cha asubuhi usikizoe.