Mbwa mkubwa hafundishwi ukali

Nilimnunua Sangara akiwa na wiki tisa, mwezi mmoja baada ya wezi kuruka ukuta wetu wa Buswelu, hapa Mwanza, na kuondoka na pampu ya maji. Ni Boerboel, mbwa wa mashambani kutoka Afrika Kusini, jamii ya mastifu. Kichwa kama sufuria la msibani, na dume akikomaa anaweza kupita kilo 70. Jina alilipata kwa ulafi.

Washauri hawakukosekana. Mmoja akasema mfungie bandani asizoee watu. Mwingine akaja na habari za pilipili kwenye chakula. Nikaupuuza ushauri wa pilipili, nikaufuata wa kufunga: mchana mnyororo, usiku namwachia. Alipofika miezi minane alikuwa anabwekea kila kitu, kunguru, upepo, hata mwanangu akirudi shule amevaa kofia. Siku mama mkwe alipotua kutoka Sengerema, amevuka kwa kivuko na kikapu cha mayai mkononi, ndoano ya mnyororo ikaachia.

Hakumng'ata. Alimrukia tu, lakini mbwa wa kilo 45 akikurukia kifuani, habari ya meno ni ya baadaye. Mama aliyekusudia kukaa wiki mbili alikaa siku mbili. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba Sangara hakuwa mkali. Alikuwa mwoga. Mbwa aliyekua bila kuona watu hawezi kujua mwizi ni yupi; kwake kila asiyemjua ni hatari. Umri mzuri wa kumzoesha dunia ni kati ya wiki ya tatu na kama ya 14 hivi, na mimi wiki hizo nilizimalizia kwenye mnyororo. Wewe mwenye kitoto sasa hivi, mbebe. Chanjo zikiwa bado hazijakamilika usimwachie atembee panapopita mbwa wengine, lakini mikononi mwako aone bodaboda, asikie makondakta wa daladala, aone wanafunzi, mzee mwenye fimbo, mama mwenye beseni la samaki kichwani. Asilazimishwe kushikwa na kila mtu. Aone tu, apite. Mtaani kwetu kuna majirani Waislamu ambao hawataki mate ya mbwa yawaguse nguo, na wana haki yao. Mbwa anayejua kupita karibu na mtu bila kumnusa ni heshima ya nyumba nzima.

Mimi ilibidi nianze upya na mbwa mkubwa tayari. Mnyororo nikaubadilisha kwa kamba imara ya kuongozea, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya jua, dakika 20 tu. Zawadi yangu ni dagaa mkavu, mmoja mmoja, mfukoni. (Suruali hiyo haiendi kanisani.) Maneno ni machache na nyumba nzima tunayatamka vilevile: kaa, njoo, acha, mahali pako. Mtoto akisema "kaa" na baba akisema "keti chini wewe", mbwa anachanganyikiwa, si mkaidi. Kumpiga niliacha kabisa, maana mnyama wa ukubwa ule akiamua siku moja kurudisha, huna ubavu.

Ulinzi wenyewe? Akibweka getini natoka, naangalia, namwambia "asante, inatosha", naye anaenda kwenye gunia lake na kupata dagaa. Basi. Kazi yake ni kunijulisha, na umbo lake linamaliza mengine. Kumfundisha kung'ata nyumbani bila mtaalamu sishauri mtu yeyote, maana siku hiyo atakayekuja anaweza kuwa msoma mita.

Somo lililochukua muda mrefu zaidi ni la chakula. Wezi wa huku hurusha nyama yenye sumu. Kwa hiyo Sangara anakula kwenye bakuli lake tu, na baada ya neno "kula". Nilianza kwa kuweka kipande cha ugali chini ya kiatu, akikiacha anapewa kizuri zaidi kutoka mkononi. Miezi minne. Na sikwambii kwamba hawezi kushindwa siku moja, ila mbwa aliyeshiba hushindwa kwa nadra.

Kwenye kushiba napo kuna mtego. Mbwa wa jamii hii hukua taratibu mpaka karibu miaka miwili, na akinenepeshwa utotoni viungo vya nyonga vinaumia. Mbavu uzihisi kwa vidole. Usimwache arukeruke juu ya mawe yetu haya ya Mwanza akiwa bado mdogo. Mpe milo miwili kwa siku, dona na dagaa waliooshwa mchanga, na asikimbizwe baada ya kula: tumbo la mbwa mwenye kifua kirefu huweza kujaa gesi na kujisokota, likamuua kwa saa chache.

Chanjo ya kichaa cha mbwa anaanza akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka kama daktari wa mifugo atakavyopanga. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo.

Desemba iliyopita mama mkwe alirudi, safari hii kwa gari juu ya daraja la Kigongo–Busisi. Sangara alibweka mara tatu, nikamwambia inatosha, akaenda kulala kwenye gunia. Jioni mama akamrushia kichwa cha sato kutoka kwenye sahani yake. Kikaanguka kati ya miguu yake ya mbele. Sangara akakitazama, akanitazama mimi.

"Mbona hali?" mama akauliza.

Nikamwambia aseme mwenyewe lile neno.