Peking 1976: tulivyojua nani anapanda, nani anashuka

Mleta mada anauliza mabalozi waliokaa nchi za kikomunisti walijuaje nani ana nguvu, wakati magazeti yote yaliimba wimbo mmoja. Nilikuwa karani mdogo wa ubalozi pale Peking (sasa Beijing, mji mkuu wa China), 1975 hadi 1977. Haya niliyashuhudia.

Habari yenyewe tuliipitia juu juu. Kazi ilikuwa kwenye majina. Renmin Ribao, gazeti la chama tawala, likitoa orodha ya waliohudhuria mazishi, tulikaa na kalamu nyekundu: nani wa ngapi, nani hayumo. Waliotutangulia walisimulia kuwa mwaka 1971 gwaride la Oktoba mosi, sikukuu ya taifa, lilifutwa ghafla, na Lin Biao, mrithi rasmi wa kiongozi mkuu Mao, haonekani. Wakajumlisha wenyewe kuwa ameanguka. Mwaka 1974 ikawa zamu ya Confucius kutukanwa magazetini, mwanafalsafa aliyekufa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita! Mlengwa hasa alikuwa waziri mkuu, Zhou Enlai.

Zhou alifariki Januari 1976. Aprili nikaenda uwanja wa Tiananmen: mashada ya maua ya kumkumbuka hadi huoni sakafu, aliye mbele akisoma shairi kwa sauti ili wa nyuma wanakili. Usiku mashada yakazolewa, tarehe 5 pakachafuka, na tarehe 7 naibu wake wa zamani, Deng Xiaoping, akalaumiwa na kuvuliwa vyeo vyote. Nikaandika kwenye daftari langu: "Deng kwisha habari yake." Mjuaji mimi! Mwaka uliofuata akarudi madarakani.

Mao akafa Septemba 9. Oktoba 6 mjane wake Jiang Qing na wenzake watatu, wote wanaume, wakakamatwa kimyakimya. Novemba gazeti la picha likachapisha safu ya viongozi kwenye maombolezo ya Mao, wanne hao wamefutwa, mapengo wazi kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Lakini wakati huo mtaa ulishajua zamani. Watumishi wenyeji tuliletewa na ofisi ya serikali, na kila mtu alijua wanaripoti huko, kwa hiyo siasa hawakugusa kabisa. Siku moja mwezi huohuo wa Oktoba, msimu wa kaa, namkuta mpishi jikoni ana kaa wanne kawafunga kamba moja. Madume watatu, jike mmoja. Namuuliza mbona wanne tu na sisi mezani tuko saba. Akacheka, akawatumbukiza kwenye maji ya moto.