Moto wa uani, na makaa yanayobaki usiku

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi niko Njombe, na huku mwezi wa sita na wa saba baridi yake mnaijua, sasa nimechimba shimo uani nikalizungushia mawe ya mtoni, jioni tunakoka moto tunaota na watoto, na mahindi tunachoma hapo hapo. Juzi jiwe moja likapasuka paa! vipande vikaruka mpaka karibu na mtoto. Halafu mama watoto anataka tukimaliza kuota tuchote makaa kwenye jiko tuingize chumbani tulale na joto. Tuendelee au nifukie shimo? (Baba Wawili)

JIBU: Baba Wawili, shimo usifukie, ila makaa yasiingie chumbani hata siku moja, naanzia hapo maana hilo ndo linaloua. Makaa kwenye chumba kilichofungwa yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, haikuwashi macho kama moshi, ndo maana watu wanaona makaa yakishakuwa mekundu bila moshi basi ni salama. Kichwa kinamuuma mtu, anasikia kizunguzungu, anadhani ni uchovu wa shamba anajilaza, haamki tena. Na usijidanganye na kadirisha ulikoacha wazi kidogo. Mama watoto achemshe maji, atie kwenye mpira wa maji ya moto, auzungushie kitambaa auweke miguuni ndani ya blanketi.

Mawe ya mtoni yanakuwa na maji ndani, yakipata moto maji yanageuka mvuke, mvuke ukikosa pa kutokea jiwe linapasuka. Yatoe yote, weka tofali za kuchoma zilizoiva vizuri. Bati usiweke ndani ya moto, lile limepakwa zinki na moshi wake una madhara. Shimo likae hatua 10 za mtu mzima au zaidi kutoka kwenye nyumba, miti na banda la nyasi, na siku ya upepo mkali msiwashe kabisa.

Kuni, huko kwenu miwati ipo, ikikauka vizuri inatosha. Mipaini inarusha cheche sana. Vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, mbao za rangi na plastiki, hapana. Petroli ndo usithubutu, mvuke wake mzito unatambaa chini, ukiwasha kiberiti moto unakufuata mpaka ulipo na kidumu chako mkononi.

Sasa kuzima, hapa ndo wengi wanakosea, wanafukia na udongo kidogo wanaenda kulala. Makaa chini ya majivu yanaweza kukaa na moto mpaka kesho yake na zaidi, asubuhi watoto wanakimbia pekupeku, wanakanyaga majivu meupe yanayoonekana yamepoa. Simama upande upepo unakotokea, mwaga maji pole pole maana mvuke nao unaunguza, koroga na koleo mpaka chini kabisa, mwaga tena mpaka ile shiii iishe. Pitisha mgongo wa mkono juu yake bila kugusa, ukisikia joto rudia. Ndoo ya maji iwepo kabla hujawasha, sio uanze kuitafuta.

SWALI: Mtoto akiungua nipake asali au dawa ya meno? (Mama Neema, Mafinga)

JIBU: Usipake chochote mama, wala mafuta wala yai. Maji ya bomba yanayotiririka, sio barafu, dakika 20 hata kama analia, nguo vua isipokuwa iliyogandia kwenye ngozi, funika na kitambaa safi mpeleke hospitali. Moto ukiwashinda, Zimamoto Tanzania ni 114, namba iwekeni kwenye simu leo.

Na Baba Wawili, nimesahau majivu: yachote yakishapoa, weka kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, sio kiroba. Masika funika shimo, tofali zikilowa nazo zinapasuka, kwa hiyo ukianza tena washa moto mdogo kwanza zikauke.