Kahawa: namna ya kudumu na mnunuzi mmoja

AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ikimpata mkaangaji wa Ulaya aliyeipenda kahawa yake, mkutano mzima huzungumzia bei. Swali gumu zaidi huachwa: fedha za malipo ya awali zitatoka wapi, na lini? Uhusiano mwingi huvunjikia hapo. Mkulima mwenye ada ya shule mkononi akiambiwa asubiri kontena lifike Hamburg, kahawa yake itakwenda kwa mlanguzi anayelipa papo hapo. Kule Kagera huuzwa kwa butura, yaani kabla ya kuvunwa, ikiwa bado maua.

Kwa hiyo kaeni watu watatu, mkulima, mwagizaji na mkaangaji, miezi mitatu kabla ya mavuno. Mkaangaji mdogo huenda akahitaji magunia 20 tu kwa mwaka, ilhali kontena la futi 20 hubeba magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2. Mwagizaji ndiye anayelijaza kwa mizigo ya wakaangaji kadhaa, anayebeba mkopo, kisha anayewatolea kahawa ghalani kidogo kidogo. Anayetaka kumruka "mtu wa kati" aseme kwanza nani atalipia miezi yote hiyo.

Kuhusu bei, fanyeni hesabu ubaoni mbele ya wanachama. Soko la New York hutaja bei ya arabika kwa senti za dola kwa paundi. Senti 300 ni kama dola 6.61 kwa kilo ya kahawa safi, yaani iliyokwisha kukobolewa. Kilo 100 za kahawa ya maganda, yaani iliyokaushwa lakini haijakobolewa, hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi, hivyo kilo ya maganda inabaki na dola 5.29, kabla ya kutoa usafiri, kukoboa, magunia, ushuru na gharama za chama. Wanachama wasipoiona hesabu hii, watasikia "dola sita" redioni na kuamini viongozi wamekula.

Bei moja iliyofungwa mapema ni mtego. Februari 2025 New York ilipita dola 4 kwa paundi, na mkataba wa bei ya chini kuliko hapo ulikuwa mwaliko wa kuuza pembeni. Andikeni bei ya kima cha chini inayofidia gharama za shamba, pamoja na nyongeza iliyokubaliwa juu ya soko likipanda. Mkaangaji naye alindwe: bei ifungwe kwa mafungu, tuseme theluthi kwa theluthi. Msiahidi mavuno yote pia. Mbuni uliozaa sana mwaka huu mara nyingi hupumzika mwakani. Asilimia 70 ya makadirio inatosha.

Sampuli ndiyo inayoharibu majina ya watu. Gramu 300 zilizochambuliwa kwa mkono hadi zing'ae si sampuli, ni picha ya harusi. Chota kidogo kutoka kila gunia, changanya, peleka nusu na ufunge nusu ya pili kwa namba ya fungu hilo hilo la kahawa. Mzigo ukilalamikiwa, zitalinganishwa. Unyevu uwe kati ya asilimia 10 na 12. Ukizidi hapo, kahawa huota ukungu njiani.

Mdaini mkaangaji majibu kwa kila fungu. Alama 84 ya kuonja kahawa peke yake haimsaidii mtu wa CPU, kiwanda cha pamoja cha kumenya kahawa. Uchachu wa siki humwambia kahawa ilikaa mno kwenye matangi ya kuchachusha, na harufu ya ukungu kwamba ilirundikwa nene kwenye meza za kuanikia. Hayo yanafaa tu kama daftari lina saa za kuchachusha na siku za kuanika.

Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu ukataji misitu inadai majira-nukta, yaani vipimo vya GPS vya mahali lilipo, ya kila shamba. Kwa lililo chini ya hekta 4, nukta moja inatosha. Mwagizaji akigharimia upimaji, mkataba useme nakala inabaki AMCOS. La sivyo, mnunuzi mwingine akija mtaanza kupima upya.

Fungu likiharibika, mwambieni mnunuzi kabla halijapakiwa, na kiwango cha kupunguza bei kiwe tayari kimeandikwa.