Paka kujikuna na kunyonyoka manyoya: anza na viroboto, hata kama huwaoni

Ndugu yangu, umeeleza kwamba paka wako anajikuna usiku kucha, amenyonyoka manyoya mgongoni karibu na shina la mkia, na kwamba umemchunguza mara kadhaa bila kumwona kiroboto hata mmoja. Maneno hayo hayo niliyasema mimi kuhusu Chausiku, paka wangu wa hapa Tanga, na kwa kuyaamini nilipoteza miezi mitatu nikimbadilishia chakula na sabuni, ilhali chanzo kilikuwa kwenye mkeka aliokuwa akilalia.

Paka hujilamba sana, na katika kujilamba huwameza viroboto kabla hujawaona. Isitoshe, paka mwenye mzio wa mate ya kiroboto hahitaji kuwa na viroboto wengi, kwani kuumwa mara chache tu kunatosha kumwasha kwa siku kadhaa. Mara nyingi dalili hukaa pale pale ulipopataja, yaani kiunoni na shina la mkia, na pengine ndani ya mapaja, pamoja na vipele vidogo vyenye magaga ambavyo ni rahisi kuvihisi kwa vidole kuliko kuviona kwa macho. Chukua kitana chenye meno yaliyobanana, mchane juu ya karatasi nyeupe iliyolowa maji, kisha tazama punje nyeusi zitakazodondoka. Zikiyeyuka na kuacha rangi nyekundu iliyofifia kama kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, nacho ni damu ya paka wako iliyokwisha kumeng'enywa. Ukiona pia vipande vyeupe kama punje za mchele chini ya mkia wake, hiyo ni minyoo ya tegu, ambayo paka huipata kwa kumeza kiroboto.

Kosa langu kubwa lilikuwa kumtibu paka na kuiacha nyumba. Kiroboto jike anaweza kutaga mayai 40 au zaidi kwa siku, na mayai hayo hayashiki kwenye manyoya, bali hudondoka kwenye mikeka, makochi, nyufa za sakafu na mchanga wa uani. Huko huwa mabuu, kisha hujifunga ndani ya vifukofuko ambavyo dawa nyingi hazipenyi, na kiroboto anaweza kukaa humo kwa miezi akisubiri joto na mtikisiko wa mnyama anayepita. Ndiyo maana baada ya kumtibu paka utaendelea kuona viroboto kwa wiki kadhaa na kudhani kwamba dawa haifanyi kazi. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu, hakuna msimu ambao wanapumzika. Fua matandiko yote kwa maji ya moto kila wiki, anika mikeka kwenye jua kali, fagia chini ya makochi na utupe taka nje mara moja. Paka wote wa nyumbani, pamoja na mbwa kama yupo, watibiwe kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa dawa inayomfaa, na warudiwe kila mwezi kwa angalau miezi mitatu.

Kuhusu dawa yenyewe, nakusihi uwe mwangalifu kuliko nilivyokuwa. Muuzaji wa duka moja la dawa za mifugo aliniuzia dawa ya matone ya mbwa yenye permethrini, yaani sumu ya kuulia wadudu, akinihakikishia kwamba nikipunguza kipimo itamfaa paka. Ini la paka haliwezi kuivunjavunja sumu hiyo kama la mbwa. Kabla ya magharibi Chausiku alikuwa akitetemeka mwili mzima na kutoa udenda. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo, naye akapona baada ya siku mbili za matibabu. Hali kadhalika, usimpake mafuta ya taa, mafuta ya mkaratusi wala dawa ya kuogeshea ng'ombe, kwa kuwa chochote kinachokaa kwenye manyoya ya paka huishia tumboni mwake. Omba dawa iliyoandikwa wazi kuwa ni ya paka, ilingane na uzito wake, na umri pia kama ni mtoto.

Ikiwa karatasi haikuonyesha kitu, bado usimtoe kiroboto kwenye hesabu mpaka umtibu paka kikamilifu, ila tazama na mahali anapojikuna. Uchafu mweusi masikioni, unaofanana na unga wa kahawa, huashiria utitiri wa masikio. Kujikuna kichwani na shingoni huweza kutokana na chakula, na jambo hilo huthibitishwa kwa kumlisha nyama ya aina moja ambayo hajawahi kuila, pengine sungura kwa paka aliyezoea dagaa, kwa wiki nane bila kuonja kitu kingine, hata kwa jirani. Anayelamba tumbo tu mpaka likawa wazi huenda ana maumivu ya kibofu au wasiwasi.

Mabaka ya mviringo yenye magamba ya kijivu, ambayo mara nyingi hayawashi sana, huenda yakawa fangasi wa choa. Hao huambukiza watu, hasa watoto, kwa hiyo akiwa na mabaka hayo mtenge na watoto na umpeleke kwa daktari kwanza, na usikubali achomwe sindano ya kutuliza muwasho kabla fangasi hawajapimwa, kwa sababu baadhi ya sindano hizo hupunguza kinga ya mwili na kuwaacha waenee.